Tulitaka wakili, tukapewa mwanasosholojia

Majina ya waliodahiliwa vyuoni yalipotoka mwaka 2013, tulikuwa tumekaa barazani baada ya Sala ya Isha, baba na mama wa nyumba, tukimsubiri binti yetu mkubwa arudi kutoka kwenye duka la intaneti. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuikunjua. Alisema tu, "Nimepata chuo," na sauti yake ikatuambia yaliyobaki. Alikuwa ameomba sheria katika chaguo la kwanza na la pili. Mfumo wa udahili ukampa chaguo la nne, nalo ni sosholojia.

Tunakiri mbele ya wasomaji wa ukurasa huu kwamba hatukusema Alhamdulillah. Mmoja wetu aliuliza sosholojia ni kitu gani, na mwenzake akauliza lililo baya zaidi: watu tutawaambia nini? Kwa miaka minne tulikuwa tumewatangazia majirani, jamaa na hata wenzetu wa msikitini kwamba nyumba yetu itatoa wakili. Binti alikunja tena karatasi yake, akaingia ndani.

Haja yetu ya wakili haikutokana na fahari peke yake. Mwaka 2009 dada yetu mkubwa alifiwa na mumewe, wakiwa wamejaaliwa mabinti wawili wadogo na nyumba ya vyumba vinne katika mji mmoja wa pwani. Viwili kati ya vyumba hivyo vilijengwa kwa fedha ya maandazi na vitumbua, alfajiri baada ya alfajiri, na jambo hilo kila mtu wa mtaa ule alilijua. Baada ya maziko dada akakaa eda, naye ni mtu mcha Mungu, hakutoka. Alipokuwa ndani, upande wa marehemu wakafanya kikao cha ukoo, wakamteua ndugu wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, wakapeleka muhtasari wa kikao mahakama ya mwanzo. Tangazo likabandikwa ubaoni. Mjane aliyeko ndani ya eda haendi kusoma ubao wa mahakama. Shauri likasikilizwa, uamuzi ukatoka.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku 10. Muda wa kukata rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda mahakama ya wilaya ni siku 30. Tuziweke hesabu hizo mbili pamoja, na msomaji ataona yaliyompata dada yetu kabla hatujayasimulia. Alipotoka ndani, siku 30 zilikuwa zimepita zamani na nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi. Tulikimbia huku na huko. Sheikh mmoja, Allah amlipe kheri, alitukokotolea mafungu vizuri kabisa: urithi ukigawanywa sehemu 24, mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani sehemu 3, mabinti wawili wana thuluthi mbili, yaani sehemu 16, na ndugu wa marehemu, wazazi wakiwa wameshatangulia mbele ya haki, ana sehemu 5 zilizobaki. Kwa hiyo yule ndugu alikuwa na haki yake, hatukatai. Lakini sehemu zile 16 za mayatima alizishika yeye "kwa ajili ya malezi", na hadi leo hazijaonekana. Sheikh alijua mafungu, hakujua habari ya siku 30. Karani wa mahakama alijua habari ya siku 30, ila mafungu hayakumhusu. Na sisi, ukoo mzima wa watu waliokwenda shule, hatukujua hata kwamba mtu aliyechelewa anaweza kuiomba mahakama imwongezee muda akiwa na sababu ya msingi. Tulidhani mlango umefungwa, tukarudi nyumbani.

Ndiyo maana tulitaka wakili. Binti alipochagua tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza kidato cha tano, tulimwambia wazi kwamba hatumsomeshi kwa ajili yake peke yake.

Usiku ule wa karatasi tulifikia uamuzi wa kumzuia mwaka mmoja ili aombe sheria upya. Aliyetugeuza ni mzee mmoja wa mtaani, karani mstaafu wa mahakama, ambaye tulimweleza msiba wetu tukitazamia atulize machungu. Alicheka. Alisema amekaa mahakamani miaka mingi, na katika mahakama za mwanzo mawakili hawakuruhusiwa kumsimamia mtu, huko watu walisimama wenyewe. "Mnadhani mahakama ni wakili na hakimu," akasema. "Watu wanapoteza haki zao njiani, hawajafika mlangoni. Huko njiani nani anawasubiri?" Hatukumwelewa sana, lakini mzee ni mzee. Binti akaenda chuo.

Ada ilikuwa shughuli nyingine. Mkopo wa elimu ya juu wa miaka ile ulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, na sisi, kama familia nyingi za Kiislamu, tulisitasita tukihofia riba. Tukauza kiwanja. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha, tulitazamana tukakumbuka kile kiwanja. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wazazi ambao bado wanasimulia habari ya zamani na kuwanyima watoto wao mkopo kwa sababu ambayo haipo tena. Wawaulize masheikh wao upya, wakiwa na taarifa mpya mkononi.

Katika mwaka wa pili alirudi likizo na mambo ambayo hatukuyatarajia kutoka kwa mtu asiyesoma sheria. Alikuwa amefundishwa, katika somo la familia na jamii, kuhusu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mume na mke wameachana. Je, kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, lakini haikueleza kwa urefu juhudi ni nini. Mahakama ikasema ndiyo, kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe, kwa sababu nyingine za shauri lake, hakuambulia kitu. Binti akatuambia kwamba majaji walipoulizwa maana ya neno "juhudi" walilazimika kutazama namna watu wanavyoishi, nani anaamka saa ngapi na nani anafanya nini. Hilo, akasema, ndilo analosomea yeye.

Kisha akamgeukia mama yake mkubwa, aliyekuwa ametutembelea, akamuuliza swali ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza: "Mama mkubwa, vile vyumba viwili ulivyojenga wewe, viliingizwaje kwenye mirathi?"

Tulinyamaza wote. Kile kilikuwa si shauri la talaka, wala binti hakusema ni jambo moja na la Bi Hawa. Alisema jambo lililo rahisi zaidi, ambalo hata aya za mirathi katika Surat An-Nisaa zinaanzia hapo: kinachogawanywa ni kile alichoacha marehemu, tena baada ya wasia na madeni. Alichojenga mke kwa fedha yake si cha marehemu. Kinatolewa kwanza, ndipo thumuni ihesabiwe katika kilichobaki. Sisi tulikuwa tumelilia thumuni iliyopunjwa, kumbe hata kilichopigiwa thumuni hakikuwa chote cha marehemu. Sheikh hakuuliza nani alijenga nini kwa kuwa tulimletea nyumba kama kitu kimoja. Karani hakuuliza kwa kuwa fomu haikumtaka aulize.

Hatutaki kujenga picha kwamba mambo yalinyooka baada ya hapo. Binti alihitimu mwaka 2016 akakaa nyumbani bila kazi, na jamaa walikuja na maneno. Mjomba mmoja alisema bora hata hakusoma sheria, kwani ni sheria za Waingereza na Muislamu hana haja nazo. Tulimjibu kwa upole, kama inavyopasa, kwamba mahakama ya mwanzo ya nchi hii ndiyo inayosikiliza mirathi ya Waislamu kwa sheria ya Kiislamu, na kwamba hakimu wa hapo anaweza kuwa mtu wa dini yoyote. Asipokuwapo mtu wa kumweleza faraidhi kwa lugha anayoielewa, hatuna wa kumlaumu. Mjomba hakuridhika. Yumkini hata sasa hajaridhika.

Mlango uliofunguka kwanza ulikuwa mdogo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopewa mafunzo ya kuwaelimisha na kuwaelekeza wananchi. Si lazima wawe na shahada ya sheria, hawaruhusiwi kutoza ada wala kusimama mahakamani kana kwamba ni mawakili. Binti alifanya kazi hiyo karibu miaka miwili kwa nauli tu. Alikuwa akikaa na wanawake chini ya mwembe akiwasaidia kupanga habari zao: nani alifariki lini, kikao kiliitishwa na nani, tarehe gani, karatasi ziko wapi. Tuliona haya kidogo, tuseme kweli. Shahada ya miaka mitatu, kisha mwembe.

Baadaye akaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, nafasi inayowapokea wahitimu wa sosholojia. Hapo ndipo tulipoanza kumwelewa yule mzee. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa huyu nafasi katika mashauri ya watoto: mtoto anaposhtakiwa, au wazazi wanapogombea malezi, afisa hutakiwa kwenda nyumbani, kuona, kuuliza majirani na walimu, na kuiandikia mahakama taarifa ya hali ya mtoto huyo. Hakimu haendi kutazama kama mtoto analala kitandani au sakafuni. Wakili anasema la upande wake. Anayekwenda kutazama ni mtu aliyefundishwa kutazama, na taarifa yake huwekwa mezani kwa hakimu. Binti yetu hana joho, lakini maisha ya watoto kadhaa yamepita katika kalamu yake, na wapo usiku anaoshindwa kulala kwa sababu hiyo.

Alikuwa bado anaitamani sheria. Mwaka 2018 alijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kusoma shahada ya sheria huku akiendelea na kazi, akisoma baada ya Isha na kabla ya Alfajiri, wakati huo keshaolewa na ana mtoto. Alimaliza mwaka 2022. Tukaanza upya kutangaza msikitini.

Kabla hajaomba nafasi katika Shule ya Sheria, ambayo kila anayetaka uwakili Tanzania Bara lazima ipite mkononi mwake, ikafika Oktoba ya mwaka huohuo. Wasomaji watakumbuka. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Nchi nzima ilizungumza, serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na sisi tukaogopa kama kwamba wale 265 ni watoto wetu. Nao ni watoto wa watu kama sisi, waliouza viwanja kama sisi. Swali lililotukera ni hili: kijana aliyekulia katika nyumba inayotambua jina moja tu la mtu wa sheria, siku jina hilo likimponyoka anarudi nyumbani akiwa nani?

Binti hajakwenda hadi leo. Mama yake bado anaomba aende. Yeye husema mezani kwake hapahitaji joho, kisha hubadilisha mazungumzo, na hatujui kama ni kuridhika au ni woga. Hatumsukumi.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake, aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Naye anataka sheria, na safari hii tulikaa na dada yake kwanza, tukamwacha azungumze. Alianza na njia ya moja kwa moja: shahada ya sheria baada ya kidato cha sita, halafu Shule ya Sheria, na kwa anayefaulu, uwakili, uendesha mashtaka au utumishi wa mahakama. Alama zisipotosha, asikae bure wala asichukue chochote kinachopita. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa astashahada na stashahada ya sheria, na wapo waliopanda kutoka hapo hadi shahada. Akiipenda fiqhi, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu wanafundisha sheria pamoja na sharia. Hilo la mwisho lilituingia sana, sisi ambao tulizungushwa kati ya anayejua mafungu na anayejua siku. Zanzibar mahakama za kadhi ni sehemu ya mfumo wa serikali, na sheria yake mpya ni ya mwaka 2017. Kenya zimo ndani ya Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170. Huku Bara kadhi hana mahakama ya dola, ndiyo maana tunasema hakimu wa mahakama ya mwanzo anayejua faraidhi ni hazina, na wakili anayeijua ni hazina pia.

Halafu akasema jambo ambalo hatukulifikiria kabisa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za ukoloni zinatakiwa zisomeke kwa Kiswahili, na kazi hiyo haifanywi na mtu anayejua sheria peke yake, wala anayejua lugha peke yake. Kijana, ambaye darasani alikuwa akichekwa kwa kupenda ushairi, aliinua kichwa. Dada yake akamtahadharisha kwamba ni kazi ya uvumilivu, na kwamba neno moja likikosewa mjane mmoja anaweza kukosa nyumba. Alisema hivyo bila kumtazama mama mkubwa, ambaye alikuwa pale pale akimenya viazi.

Kuna jambo tunalijutia. Miaka yote ile tuliposema "wakili" tulikuwa tukimfikiria mtu wa kututetea tukiwa tumeshadhulumiwa. Hatukumfikiria mtu wa kufika kabla. Mzazi anayemwona mwanawe amepangiwa sosholojia, siasa, uchumi au ustawi wa jamii, naye alitaka sheria, asifanye tulivyofanya sisi usiku ule barazani. Amuulize mtoto anataka kumfikia nani, ndipo watafute pamoja njia ipi inafika huko. Fomu ya kijana wetu bado iko juu ya kabati. Ameandika sheria na sharia katika chaguo la kwanza. La pili amelifuta mara tatu.

Siku za Jumamosi binti yetu, nje ya kazi yake ya mshahara, huwatembelea wajane walio ndani ya eda katika kata anayoishi. Hubeba nakala ya fomu za mirathi, na huacha namba ya simu kwa jirani mmoja anayeweza kwenda kusoma ubao wa mahakama kwa niaba ya mwenye eda. Huwaeleza kuhusu siku 30. Huwaeleza pia kwamba msimamizi wa mirathi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne kuipelekea mahakama orodha ya mali, nayo si siri yake. Tangu mwaka jana hafuatani na mtu mwingine ila mama yake mkubwa, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye magoti mabovu na hutangulia na bakuli la maandazi.

Mwezi uliopita tuliwasindikiza. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, mjane hajafika miaka 30, mtoto yuko mgongoni. Binti alivua viatu, akatoa pole, akaanza kufungua bahasha yake. Mama mkubwa akamshika mkono kumzuia, akakaa mkekani karibu na yule mjane, akamuuliza: "Mwanangu, katika vyumba hivi, kipi umekijenga wewe?"